Kila likitokea shambulio tunageuka "watu wa kitengo": hii tabia inatugharimu kuliko tunavyodhani

MwanaTandale (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi humu kuna mtu alikuwa anachambua mambo ya Al-Shabaab. Kataja idadi ya wapiganaji, njia wanazopita, mpaka nani anawapa hela. Akaulizwa chanzo chake. Akajibu: "Mimi mtu wa kitengo, nikisema zaidi nitaharibu kazi." Yaani anajifanya mtu wa usalama. Badala ya kumcheka, watu wakaanza kumwita kamanda na kumwomba ashushe nondo zaidi. Nikaona hili lisipite hivihivi.

Mwaka 2019, mwezi wa sita, nilikuwa nahudumia meza kwenye mgahawa mmoja kule Masaki. Ubalozi wa Marekani ukatoa tahadhari kwa raia wake kwamba kuna tetesi mtandaoni za shambulio linalopangwa kwenye hoteli na migahawa ya Masaki inayopendwa na wageni. Ubalozi huohuo ukaandika kuwa hauna ushahidi wa maana kuhusu ukweli wa tishio lenyewe wala muda wake. Tazameni mzunguko wake sasa: tetesi imetoka mtandaoni, imepita ubalozini, imerudi mtandaoni ikiwa na nembo ya tai. Watu walipoiona nembo, hakuna aliyehangaika tena na maneno "hatuna ushahidi".

Mchana ukaanza kuzunguka ujumbe wa sauti. Mwanamke ananong'ona, nyuma yake feni inalia: "Jamani, mwenye ndugu yake Masaki amwambie asitoke. Shemeji yangu yuko kitengo, wameshakamata watatu, bado wawili, wapo kwenye Noah nyeupe." Noah nyeupe, kwenye Dar es Salaam hii! Jioni simu ya mezani haikutulia, kila anayepiga anafuta meza aliyoweka. Meneja akatuita sisi vibarua nyuma ya jiko, akatuambia tupumzike mpaka tutakapoitwa. Hakuna bomu lililolipuka, hakuna Noah iliyokamatwa kwa habari nilizonazo, ila kodi ya chumba mwezi ule niliikopa.

Hilo la tumbo langu naliacha. Kubwa ni tukio la pale Daraja la Salender, hapahapa Dar.

Agosti 25, 2021, mtu mwenye silaha, jina lake Hamza, aliua askari polisi 3 na mlinzi 1 wa kampuni binafsi, naye akauawa karibu na geti la Ubalozi wa Ufaransa. Klipu zilikuwa kwenye simu zetu kabla barabara haijafungwa vizuri. Wenzangu mtakumbuka saa zilizofuata. Wa kwanza akasema si Mtanzania, tazama sura yake. Wa pili akaleta kisa cha dhuluma ya mali. Wa tatu akaingiza vyama vya siasa. Wa nne, ambaye hajawahi kushika hata manati, akaanza kuchambua namna jamaa alivyoshika bunduki na kutuambia amepata mafunzo nchi gani. Septemba 2, mkuu wa upelelezi wa polisi (DCI) wa wakati huo, Camillus Wambura, akatoka na taarifa kwamba uchunguzi umeonyesha Hamza alikuwa gaidi wa kujitoa mhanga, na mambo hayo alikuwa akijifunza kupitia mitandao. Lakini kufikia siku hiyo kila mtu alishajitengenezea Hamza wake, na wengi hawajambadilisha mpaka leo.

Hoja yangu ni hii. Saa za mwanzo baada ya tukio ndizo zenye madhara makubwa, na ndizo tunazowaachia watu wasiojua kitu wazijaze. Mpelelezi anahitaji mtu aliyeona kweli, aliyekuwa pale kwenye tukio, aliyesikia mlio wa kwanza ulitoka upande gani. Mtu huyo akishinda kwenye grupu la WhatsApp kutwa nzima, akienda kuhojiwa atasimulia aliyoyasikia akidhani ameyaona. Na mlipuaji naye ana simu, anasoma humuhumu kama sisi.

Naomba michango. Matusi tuweke pembeni.

Ngosha wa Ubungo

Mkuu ile Noah nyeupe ilikuwa yangu, nilikuwa napeleka harusi Bunju. Hahaha. Endelea, tunakusoma.

Kisiki Kavu

Mleta mada umeandika vizuri ila umeelemea upande mmoja. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwaka 2017 watu wa Kibiti, Mkuranga na Rufiji walikuwa wakisema viongozi wa vijiji wanauawa mmoja mmoja usiku, huku mjini tunaambiwa tusitie chumvi. Aprili 2017 wakauawa askari 8 kwa mpigo kule Jaribu Mpakani ndipo nchi ikashtuka. Oktoba 2020 watu wa Mtwara walipiga kelele kwamba Kitaya imevamiwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Polisi walithibitisha siku kadhaa baadaye. Sasa hao wa Kitaya nao walikuwa "wachambuzi wasiojua kitu"? Bila mtandao tungejua lini?

Ukitaka watu wasizushe, wape taarifa. Ukikaa kimya siku nane usimlaumu aliyejaza pengo.

MwanaTandale

Kisiki, nakubali nusu. Mtu wa Kitaya anayesema "nyumba ya jirani yangu imechomwa" huyo ni shahidi, na ningependa sauti yake ifike mbali zaidi. Mimi namzungumzia aliyekaa Sinza anachora ramani ya waasi wa Cabo Delgado, kule Msumbiji, na kutaja mitaa ya Dar ambayo "wameshaingia". Huyu wa Sinza ndiye aliyemfunika yule wa Kitaya. Ukichanganya habari moja ya kweli na ishirini za kutunga, mtendaji wa ofisini anapata kisingizio cha kusema zote ni uzushi.

Mama Nasra

Nimesoma kimya kimya, ngoja na mimi niseme langu maana limenigusa.

Baada ya hilo tukio la Salender, mtoto wa dada yangu alikuwa amekaa kituo cha Mwendokasi Magomeni anasubiri basi. Ana ndevu, ana kanzu, ana begi mgongoni. Mtu akampiga picha kwa mbali. Ile picha nikaiona mimi mwenyewe kwenye grupu la kikoba! Wameizungushia duara jekundu kwenye begi, chini wameandika "Huyu kaonekana Magomeni, sambaza kabla hajadhuru." Jamani ndani ya lile begi mlikuwa na sare ya kazi, kandambili na kontena la wali alilofungiwa na mama yake.

Usiku mjumbe wa mtaa akaja na vijana wawili. Bahati yetu mjumbe anamjua tangu anatambaa, akamwambia akae ndani kwanza. Mtoto akakaa ndani mpaka kazini wakamchoka. Ndevu kanyoa. Mwaka jana kaibiwa simu, nikamwambia nenda kituoni ukaripoti upate RB, akaniambia "Mama mdogo, mimi kituoni siendi kwa miguu yangu." Aliyeipiga ile picha hajulikani mpaka leo, na wale mashoga zangu wa kikoba waliifuta tu, hakuna hata mmoja aliyeniambia pole.

Takwimu Tu

Pole sana mama. Na huo ndio upande wa usalama ambao hatuujadili. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2017 walitoa utafiti uliohoji watu waliojiunga kwa hiari na makundi ya kigaidi Afrika. Katika hao, asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, kama ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Kijana aliyeshukiwa na mtaa mzima kwa sababu ya ndevu hawi gaidi kesho yake, tusikuze mambo. Lakini siku akija mtu wa kweli kumnong'oneza upuuzi pale msikitini au gerejini, kijana huyo hatakwenda kumripoti kwa wale waliokuja na mjumbe usiku.

Pia mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha uchunguzi wa habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter. Za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko za kweli, na waliosambaza kwa wingi ni binadamu, wala si roboti. Sisi wenyewe.

Babu Kinondoni

Vijana, mimi nilikuwepo mwaka 1998. Agosti 7, siku ya Ijumaa, kesho yake Nane Nane. Ubalozi wa Marekani ulikuwa Barabara ya Laibon, Oysterbay. Asubuhi kwenye saa nne na nusu hivi tukasikia kishindo. Mimi nilikuwa kwa fundi cherehani Kinondoni, vioo vikatetemeka. Fundi akasema transfoma. Jirani akasema mtungi wa gesi. Tukawasha redio tukasubiri. Kweli tulikuwa na tetesi zetu, lakini tetesi ile ilikuwa inatembea kwa miguu, ikifika Mwananyamala imeshachoka.

Walikufa watu 11 na kujeruhiwa 85, hata Mmarekani mmoja hakuwemo katika waliokufa. Wangekuwa wengi zaidi kama boza la maji lisingekuwa limeziba njia getini. Kule Nairobi asubuhi hiyohiyo walikufa zaidi ya 200.

Ninachotaka kuwaambia ni hiki. Yule Ghailani, Mtanzania mwenzetu aliyeshtakiwa kwa milipuko ile, alikamatwa Pakistan mwaka 2004. Mwaka 2010 mahakama ya New York ikamfutia mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani kwa shtaka moja tu. Moja! Akafungwa maisha kwa hilo moja. Miaka 12 baada ya mlipuko, wenye maabara na wapelelezi wa dunia nzima, baraza la wazee wa mahakama bado linasema haya mengine hamjatuthibitishia. Humu mtu anamaliza kesi kwa skrinshoti mbili.

Kisiki Kavu

Shikamoo Babu. Hapo umenipiga ngumi ya uso, ila bado sijaanguka.

Lindo la Usiku

Mimi ni mlinzi, nipo lindo kwenye jengo moja la ofisi, sitasema wapi. Niwaambie yanayotokea upande wetu.

Ukisambaa ujumbe wa tishio, bosi anapiga simu kwa msimamizi, msimamizi anatupigia sisi. Siku ya kwanza tunakagua mpaka kikapu cha muuza karanga. Kile kioo cha kuangalia chini ya gari tunakizungusha gari zima, buti tunafungua, spea tairi tunainua. Foleni inafika barabarani, wenye magari wanatutukana. Siku ya tatu hakuna kitu. Wiki inayofuata unakuja ujumbe mwingine, wa jengo jingine. Nao hewa. Ukija wa nne, mlinzi anakiweka kioo chini ya bampa sekunde moja kutimiza wajibu, anainua geti. Nasema kweli tupu, na mimi nimo. Mtu hawezi kuishi na hofu iliyopandishwa kila Jumatatu.

Pale Laibon, na pale Salender pia, walinzi ni miongoni mwa waliokufa. Sisi ndio tunakaa kati ya geti na huyo mtu. Kila uzushi mnaotuma unatuchosha kwa ajili ya siku ya kweli.

Ngosha wa Ubungo

Mlinzi umenitoa kwenye utani kabisa.

Wakili Mkaidi

Niongeze la sheria kwa kifupi, maana naona watu wanafowadi kama vile hakuna sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inagusa kuchapisha taarifa ukijua ni ya uongo au ya kupotosha kwa nia ya kudanganya au kutisha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. "Nilitumiwa tu" siyo ngao ya kukufunika wakati wote.

Lakini nisiwe mnafiki. Kifungu hichohicho kimekuwa kikilalamikiwa kwa miaka kwamba kinaweza kumfunga mkosoaji kirahisi kuliko mzushi. Sheria kali peke yake haitatibu hili.

Kisiki Kavu

Asante Wakili, umenifungulia mlango. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa rumande miaka kwa tuhuma za ugaidi, mwaka 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) akafuta mashtaka. Mwezi uliofuata Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, akakamatwa Mwanza, naye akashtakiwa ugaidi, Machi 2022 DPP akafuta. Sasa mwananchi aliyeyaona hayo, ukimwambia leo "subiri taarifa rasmi", atasubiri ipi? Hiyo rasmi nayo imeshamchosha kama Lindo alivyochoka na kioo chake. Mnataka kumrekebisha mzushi wa Sinza, sawa, ila wa ofisini mnampita.

MwanaTandale

Kisiki, hapa nakupa yote, sikati hata senti. Ofisini nako wanateleza, na wakiteleza wao inauma zaidi. Shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013: serikali ya Kenya ilisema washambuliaji ni kati ya 10 na 15, Waziri wa Mambo ya Nje akaiambia televisheni ya Marekani kuwa wamo Wamarekani wawili au watatu na mwanamke Mwingereza. Baadaye kamera za ndani ya jengo zikaonyesha wanne, na hilo la Wamarekani na mwanamke halikuthibitika. Watu 67 walikufa pale. Na wakati huohuo Al-Shabaab walikuwa Twitter wanatupia taarifa zao, wakifungiwa akaunti moja wanafungua nyingine. Unaona uwanja ulivyokuwa? Serikali inababaika, wananchi wanabuni, na gaidi ndiye mwenye kauli iliyonyooka. Mtu mwenye hofu anamfuata mwenye kauli iliyonyooka.

Ila usichanganye mawili. Serikali ikinidanganya, naibana serikali. Haiwi ruhusa ya mimi kumzungushia duara jekundu mtoto wa dada yake Mama Nasra.

Bint Upanga

Naomba kuuliza kama mtu wa kawaida. Kwani kurekodi nako ni kosa? Siku ile ya Salender klipu zilitusaidia kujua tusipite Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Mimi nilikuwa natoka Mikocheni, nikageuza gari kwa sababu ya klipu.

MwanaTandale

Dada, swali zuri. "Msipite Salender, kuna risasi" ni habari inayookoa mtu, itume hata mara kumi. Tatizo linaanza unaporekodi askari wamejibanza wapi na kurusha mubashara. Shambulio la Mumbai, India, Novemba 2008, waliokuwa wakiwaongoza washambuliaji kwa simu kutoka Pakistan walikuwa wanaangalia televisheni moja kwa moja na kuwaambia vijana wao makomandoo wanashukia wapi. Mwaka 2012 Mahakama Kuu kabisa ya India ikavikemea vyombo vya habari kwa hilo. Hiyo ilikuwa televisheni. Leo kila dirisha la ghorofa pale Kinondoni lina kamera.

Wabelgiji walinifurahisha. Novemba 2015, Brussels imefungwa wanasakwa watuhumiwa, polisi wakaomba watu wasiandike chochote mtandaoni kuhusu operesheni. Watu wakajaza Twitter picha za paka. Paka wamevaa kofia, paka wameinua mikono juu. Aliyekuwa anatafuta askari wako mtaa gani akakutana na paka tu. Operesheni ilipoisha polisi wakaweka picha ya bakuli la chakula cha paka, kuwashukuru.

Ngosha wa Ubungo

Bongo tungeweka picha za kina mama wa vikoba na bado ungekuta mmoja kaandika "huyo wa tatu kushoto namshuku."

Kisiki Kavu

Hahaha. Haya, sawa. Lakini mleta mada, Ulaya haohao mwaka 2024 pale Southport, Uingereza, watoto wa kike watatu waliuawa kwa kisu, polisi wakabanwa na sheria ya kutomtaja mtuhumiwa aliye chini ya miaka 18. Mtandao ukatunga jina la Kiislamu na kusema kaja kwa boti. Kumbe kijana kazaliwa Cardiff. Kesho yake msikiti umeshambuliwa, fujo zikasambaa miji mingi. Jaji alikuja kuruhusu jina litajwe Agosti 1, moto umeshawaka. Kwa hiyo narudia lile nililosema mwanzo: hata kama hujui kila kitu, toka mapema useme unachokijua. "Mtuhumiwa tunaye, si fulani mnayemsema, mengine baadaye." Sentensi moja ndani ya saa la kwanza.

MwanaTandale

Hiyo sentensi naisaini na mimi.

Lindo la Usiku

Sasa mtu kama mimi nikiona kitu halafu sitaki kuwa mzushi, nafanyaje? Nambari 112 ninayo. Kuna siku inapokelewa mara moja, kuna siku inaita mpaka inakata. Grupu linajibu ndani ya sekunde. Ndiyo maana watu wanakimbilia grupu.

Wakili Mkaidi

Andika kwanza, ndugu yangu. Saa, namba ya gari, rangi, alivyovaa, kaelekea wapi. Uliyoyaona tu, usiandike unachohisi. Kisha piga 112, isipopokelewa mpigie mkuu wa kituo cha karibu; walinzi wengi wa majengo wana namba yake. Ukilazimika kumwambia mwenzako wa zamu inayofuata, mwambie hayohayo uliyoandika. Picha ya sura ya mtu mpe polisi peke yao.

Lindo la Usiku

Kitabu cha kuandikia matukio (OB) tunacho getini. Kuna mwenzangu usiku wa jana kaandika "gari la mashaka limepita mara mbili". Nimemuuliza gari gani, hajui. Namba, hajui. Nimemwambia aifute aandike upya, kabaki anaikumbuka rangi tu.

Ngosha wa Ubungo

Usiniambie nyeupe.

Lindo la Usiku

Ya kijivu, mkuu. Namba tutaitafuta kwenye kamera ya jirani akifungua ofisi saa mbili.